Njumu Huchaguliwa kwa Uwanja, Si kwa Fahari

Mcheza kwao hutuzwa. Kijana wa Takawiri akicheza kandanda kwao, kando ya mchanga mweupe wa Ziwa Victoria, viatu havimshughulishi. Miguu mitupu yamtosha. Wala hilo si jambo la aibu. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru Uingereza, na wengi wa wachezaji wake waliingia uwanjani bila viatu.

Lakini siku hizi vijana wetu huvuka maji hadi Mbita, wakapanda gari kwenda mijini kushindana, na mijini kuna viwanja vya nyasi bandia. Kipo Camp Toyoyo, Jericho, jijini Nairobi. Kipo Lugogo, Kampala. Hapo ndipo ninapoona wazazi wakipotea njia. Mvuvi huuza omena wake, akamnunulia mwanawe njumu zenye meno marefu ya chuma, kwa kuwa ndizo alizoziona kwa mabingwa katika televisheni. Kijana hufurahi, majirani husifu. Mimi nasema fedha hizo zimetupwa ziwani.

Sababu ni hii. Nyasi bandia ni nyuzi za plastiki zilizoshonwa kwenye zulia, na katikati yake humwagwa mchanga na chembe za mpira. Udongo humeguka mguu unapozunguka, zulia halimeguki. Jino refu likinasa, mwili hugeuka na mguu hubaki, na kano za goti zaweza kukatika. Isitoshe, chuma huchana zulia, ndiyo maana wenye viwanja wengi hukikataza.

Kinachofaa ni kiatu chenye meno mengi, mafupi, ya mpira, yaliyoenea soli nzima. Uzito hugawanyika, na mguu hugeuka pamoja na mwenyewe. Uzuri wake ni kwamba kiatu hicho hicho chafaa kwenye udongo mkavu na mgumu wa shule zetu. Jozi moja yatumika nyumbani na ugenini. Kishike mguu bila kubana vidole, na kivaliwe kwa soksi nzito, maana nyasi bandia hushika joto la jua kuliko nyasi za kuota. Mtumba si dhambi, ila pindua soli utazame: meno yaliyolika upande mmoja humwangusha mtu.

Wazee wetu walikata matairi wakashona akala. Leo chembe nyingi za viwanja hivyo ni matairi yaliyosagwa. Tairi lililokuwa kiatu limegeuka kuwa uwanja! Basi tusione haya kuvaa mpira juu ya mpira, tukidhani kwamba asiye na meno ya chuma si mchezaji.

Nanyi waandaaji wa mashindano, mnapotuma mwaliko visiwani, ongezeni mstari mmoja: uwanja ni wa udongo, wa nyasi au wa bandia. Mstari huo haugharimu kitu, nao wakufunzi wausome kwa wazazi kabla mtu hajafungua mkoba. Mchezo huisha kwa dakika 90. Goti la mtoto wa mvuvi lina kazi ya miaka mingi baada ya hapo: kusimama ndani ya mashua usiku, maji yakichafuka, na kuvuta nyavu.