Mwenye Ukoma Mpe Mkono

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuona lori la vijana wa kanisa likipita kijijini kwenu. Vijana wanaimba. Wamebeba sabuni, sukari, chumvi na nguo. Wanakwenda kuwasaidia wagonjwa, wazee au yatima. Hilo ni jambo jema. Kijana anayeitoa siku yake ya mapumziko kumsaidia mtu asiyemjua anastahili sifa. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya jambo nililoliona katika safari moja ya namna hiyo.

Nilifuatana na vijana wa kanisa fulani kwenye makazi ya wazee waliougua ukoma. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Januari. Siku hiyo ni Siku ya Ukoma Duniani. Ilianzishwa mwaka 1954 na Mfaransa aitwaye Raoul Follereau.

Vijana waliimba vizuri. Kisha wakapanga zawadi juu ya mkeka, wakarudi nyuma. Wazee wakaitwa mmoja mmoja kuja kuchukua. Mzee mmoja alinyoosha mkono wake usio na vidole, ili asalimiane na kijana aliyekuwa karibu. Kijana aliificha mikono yake mgongoni. Akasema, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Akachukua mche wake wa sabuni, akaondoka.

Baadaye mama mmoja alileta sinia la mihogo ya kuchemsha. Vijana walisema wameshiba. Tangu alfajiri walikuwa hawajala kitu. Mimi nilikula. Ilikuwa mihogo mizuri, ingawa chumvi ilizidi kidogo.

Sikuwalaumu sana vijana wale. Wamekua wakisikia kwamba ukoma ni laana, au ni ugonjwa wa ukoo, au ni kazi ya wachawi. Maneno hayo si kweli. Ukoma huletwa na vijidudu. Daktari wa Norway aitwaye Hansen alivigundua mwaka 1873. Vijidudu hivyo hutoka puani na kinywani mwa mgonjwa ambaye hajatibiwa. Humwingia mtu anayekaa naye karibu kwa muda mrefu. Hata hivyo, watu wengi miili yao ina nguvu ya kuvishinda. Kupeana mkono hakuambukizi ukoma. Kula sinia moja hakuambukizi. Na mgonjwa akianza kutumia dawa, haambukizi tena.

Wazee wale walikuwa wamepona zamani. Vidole vilivyokatika haviwezi kuota tena, lakini ugonjwa wenyewe ulikwisha. Kwa hiyo hata kuwaita "wakoma" si sawa. Aliyepona malaria hatumwiti jina la malaria.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Watoto wa jirani walikuwa wamesimama wakitazama. Waliona wageni wenye elimu, waliotoka mjini, wakiogopa mkono wa mzee. Je, mmoja wa watoto hao akiona baka mwilini mwake, atamwambia nani? Atalificha. Mama yake naye atalificha. Hiyo ndiyo hasara ninayoisema. Sabuni itakwisha baada ya wiki mbili. Woga utabaki pale miaka mingi, na woga ndio unaowalemaza watu.

Maana ukoma ukigunduliwa mapema, haumwachii mtu kilema. Baka la ukoma lina rangi nyepesi kuliko ngozi iliyo jirani, au ni jekundu kidogo. Haliwashi, wala haliumi. Mwambie mtu afumbe macho, kisha gusa baka lake kwa uzi wa pamba. Kama hasikii, aende zahanati au kituo cha afya upesi. Na hata kama anasikia, lakini baka haliondoki, aende vilevile. Ugonjwa huu hujificha. Mtu anaweza kukaa miaka 5 au hata 20 tangu aambukizwe kabla dalili hazijaonekana.

Zamani watu wenye ukoma walitengwa. Kindwitwi, karibu na Utete wilayani Rufiji, ni kijiji kilichotokana na kutengwa huko. Mambo yalibadilika mwaka 1981. Shirika la Afya Duniani lilianza kushauri dawa za kuchanganya. Tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa huzitumia kwa miezi 6 au 12, akiwa nyumbani kwake. Mkojo unaweza kuwa mwekundu, na ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi. Asiogope, wala asiache dawa.

Basi, vijana wakija kusaidia, wafanye nini? Mimi nasema wauulize mguu wa mzee. Mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba. Hausikii msumari uliotokeza ndani ya katambuga. Mtu anaukanyagia siku nzima, na jioni anaona damu mkekani. Kidonda kikiachwa, kinaweza kufika mpaka kwenye mfupa. Kwa hiyo mguu wa namna hii hukaguliwa kila siku. Huloweshwa katika maji ya baridi kwa muda wa dakika 20. Ngozi ngumu husuguliwa taratibu kwa jiwe, kisha hupakwa mafuta kabla haijakauka, ili isipasuke. Mwenye kidonda asitembeetembee, mguu upumzike. Naye mwenye mikono iliyokufa ganzi ashike sufuria na kikombe cha moto kwa kitambaa kinene.

Mzee asiye na vidole hawezi kuyafanya hayo yote peke yake. Kijana mwenye ndoo ya maji na saa moja ya nafasi anaweza kumsaidia. Kazi hiyo haina ngoma, na haipendezi katika picha. Lakini kwa maoni yangu inazidi magunia mawili ya nguo kuukuu.

Kabla hatujaondoka, nilimfuata yule mzee barazani kwake. Nilimwuliza anahitaji nini. Alisema, "Sabuni nashukuru. Lakini ninyi nyote mliokuja, hamna fundi viatu?"

Fundi viatu alikuwamo katika lori lile, kijana wa miaka kama 20. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mwezi wa Machi alirudi peke yake kwa baiskeli, na kipande cha tairi, mpira laini wa ndani, sindano na uzi. Misumari hakuibeba, kwa sababu viatu vya mguu wenye ganzi hushonwa. Akatandika karatasi chini. Akauchukua mguu wa mzee kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya karatasi, akaanza kuuchora.