KABLA YA KUINGIA, TAZAMA MLANGO WA KUTOKEA

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, sina ubishi nao. Lakini kwa yale niliyoyaona mwaka jana katika duka la shangazi yangu hapa Eldoret, naona methali hiyo yadai nyongeza: hata daftari lenyewe, likifungiwa mahali ambapo mwenyewe hawezi kulitoa, hupotea vilevile. Hiyo ndiyo hoja yangu, nami naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaniita adui wa maendeleo.

Shangazi huuza pembejeo: mbegu ya mahindi, mbolea, dawa ya kupe na ya minyoo. Wateja wake ni wakulima wa Moiben, Ziwa, Turbo na kwingineko katika kaunti yetu ya Uasin Gishu. Wewe mwenyewe wazijua desturi za huku. Machi na Aprili mkulima hupanda akiwa hana pesa. Huchukua mbegu na mbolea kwa deni, kisha hulipa akishavuna, kati ya Oktoba na Disemba. Baina ya kukopa na kulipa kuna miezi saba au minane, na kinachowaunganisha wawili hao ni maandishi tu. Miaka mingi maandishi hayo yalikaa katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Basi usiku mmoja wa Aprili mvua ikanyesha, bati likavuja, na kulipokucha kurasa kumi na kitu zilikuwa uji wa wino. Baadhi ya wateja walikuja wenyewe wakasema, "Mama, mimi unanidai kiasi hiki." Wengine hadi leo hupitia barabara ya pili.

Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja nadhifu, mkoba begani, akiuza programu ya kusimamia wateja iliyo kwenye wingu. Sisi wa Eldoret mawingu twayajua: asubuhi jua, alasiri mvua. Lakini wingu hili si la mvua. Ni kompyuta kubwa za kampuni zilizo mbali, nawe wazifikia kwa intaneti kupitia simu yako. Simu ikiibwa, data ipo. Bati likivuja, data ipo. Tena miezi mitatu ya kwanza ni bure! Mimi na binamu yangu tulitumia likizo kuingiza wateja 214, tukisoma kurasa zilizosalia na kumuuliza shangazi aliyoyakumbuka. Naye alifurahi mno, maana programu ilimkumbusha nani anadaiwa na ng'ombe wa nani wamefikia siku ya kuogeshwa.

Mwezi wa nne ukafika. Bei ikatajwa, tena kwa dola. Shangazi akasema, "Basi, nipeni majina ya watu wangu nirudi kwa daftari langu." Wapi! Kitufe cha kutoa data kilikuwapo, lakini ni cha wale wanaolipia kiwango cha juu. Tulikuwa tumepewa siku saba kabla ya kufungiwa, na katika siku hizo tulikesha tukinakili kutoka kioo cha simu hadi kwenye karatasi, jina baada ya jina. Je, walijua dema, ule mtego wa wavuvi wa pwani? Samaki huingia kwa raha zake, ila njia ya kutoka haioni. Sisi tulikuwa samaki.

Likizo ya Agosti nikaamua kulinganisha vyombo vinavyopatikana. Sikutumia wateja wa kweli. Nilibuni wateja 20 na kukiuliza kila chombo maswali mawili: Naingizaje? Natoaje?

Nilianza na WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018. Mgala muue na haki yake umpe: shangazi hakuhitaji kufunzwa lolote. Unaweza kumbandika mteja lebo, kama vile "anadaiwa" au "amelipa", ukampata upesi. Lakini kwenye kutoa, mambo ni mengine. Mazungumzo huyatoa moja moja kama faili ya maandishi. Orodha nzima ya wateja na madeni yao katika jedwali moja, hupati. Ni mahali pazuri pa kuongea na mteja, si pa kuweka hesabu zake.

Nikaenda kwa Google Sheets, yaani lahajedwali. Hili ni daftari lenye mistari na safu, na ni bure kwa mwenye akaunti. Jedwali moja hubeba visanduku hadi milioni 10. Duka la shangazi halitafika huko hata likirithiwa na wajukuu. Kutoa ni rahisi: unalipakua kama faili ya Excel au ya CSV. Hii CSV ni maandishi matupu, mteja mmoja mstari mmoja, na koma hutenga jina, simu na deni. Kwa kuwa ni maandishi matupu, karibu kila programu huisoma. Mtu akifuta mstari kwa bahati mbaya, waweza kurudi kwenye nakala ya awali. Ubaya wake ni kwamba halikukumbushi deni hadi ulifungue mwenyewe utazame. Tena lina kisirani kimoja: nilipoingiza faili yangu, nambari zote za simu zilikatwa kichwa! Sufuri ya mwanzo ilitoweka, kwa sababu programu ilidhani 0722 ni hesabu, na katika hesabu sufuri ya mbele haina maana. Dawa ni kuiambia kabla ya kuingiza kwamba safu ya simu ni maandishi, au kuandika nambari kuanzia 254.

Mwisho nikajaribu programu zenyewe za kusimamia wateja. Biashara ya kuzikodisha kwa intaneti ilipata nguvu tangu Salesforce ianzishwe huko San Francisco mwaka 1999. Nilizojaribu ni Zoho CRM na HubSpot, maana zote mbili zina toleo la bure; la Zoho huruhusu watumiaji 3. Hapa kuna ufundi. Ukileta CSV, zinakuuliza safu ipi ni jina na ipi ni simu, na zinakusaidia kugundua mteja aliyeandikwa mara mbili. Zote zina njia ya kutoa rekodi kwa CSV. Ila kumbuka kwamba CSV haibebi picha wala nyaraka ulizoambatisha, na kwamba mambo mengi hutegemea kiwango unacholipia. Kwa ushirika wa maziwa wenye karani wake, ningezipendekeza. Kwa duka la mtu mmoja, ni kununua trekta ulime bustani ya sukuma wiki.

Shangazi alichagua lahajedwali. Kila Ijumaa jioni hutoa nakala akaiweka kwenye flashi, na kila mwisho wa mwezi huchapisha karatasi. Mavuno yalipofika, kila aliyekuja kulipa alikuta jina lake na deni lake lile lile.

Mwenzangu wa dawati alinicheka. Ati kampuni gani itafungua mlango ili wateja wake waondoke? Nikamjibu kuwa ipo. Mwaka 2007 wahandisi ndani ya Google yenyewe waliunda kikundi cha kuwarahisishia watumiaji kuondoka na data zao, na mwaka 2011 wakatoa huduma iitwayo Takeout. Je, Google ilifilisika? Mfanyabiashara anayeiamini bidhaa yake hana haja ya kukufungia mlango.

Tena jambo hili si la pesa tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupewa taarifa zake katika muundo ambao kompyuta inaweza kusoma. Mkulima wa Ziwa akija leo kuomba zake, shangazi atampa nini ikiwa yeye mwenyewe amefungiwa nje? Na shule nazo hazikuachwa. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 na Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo anayeshika majina ya watu ameshika amana.

Sasa, kwani sisi twahusikaje? Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024, na wauzaji wa programu watazidi kubisha hodi kwa wazazi wetu. Wengi wetu ndio tutakaoitwa: "Wewe unayesoma kompyuta, hebu njoo uniwekee hii." Ukiitwa hivyo, usianze kwa kuandika majina yote. Ingiza wateja watano wa kubuni, kisha watoe. Hesabu: je, wametoka watano? Simu zina sufuri zake? Deni ni lile lile? Ukikwama kwa watano, utakwama kwa mia mbili.

Na hapa nyumbani, naomba viongozi wa chama chetu cha Kiswahili waanze na orodha ya wanachama, ambayo kwa sasa inakaa katika simu moja tu. Itolewe nakala kila mwisho wa muhula, ifungiwe kabatini katika idara, na nambari za wazazi wetu zisionwe na kila mpita njia. Wasioafikiana nami kalamu wanazo, na jarida lina kurasa. Mimi wino umeniishia.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu