Mara Hajui, Mara Anajua Mno

Hoja za wanaotaka somo la awali la sayansi ya mazingira liondolewe kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima mmezisikia. Ni nne. Naziweka hapa kama wenyewe wanavyozisema, kisha ninyi mpime.

Ya kwanza: mtu ambaye hakusoma kemia na baiolojia ya sekondari hawezi kufuata sayansi, ataishia kukariri. Hoja hii ilikwisha kujaribiwa ikashindwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamejua kusoma. Walijadili mbu na malaria, maji machafu na kichocho, kisha wakafyeka vichaka na kuchimba vyoo. Nani aliwadai cheti cha kemia? Hata mchoma mkaa anayeziba tanuri kwa udongo, akijua kwamba hewa ikipenya atakuta majivu, amekwisha kuingia kwenye somo la uunguaji. Kilichobaki ni mwalimu amwonyeshe sababu.

Ya pili inageuza kibao: watu hawa wanayajua mazingira yao kuliko mtaalamu yeyote, na kuwafundisha ni kuwadharau. Nusu yake ni kweli. Wasukuma walikuwa na ngitili zao za kutunzia malisho, na mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulifaidika kwa kujengwa juu ya ujuzi huo. Lakini twendeni kwenye miteremko ya Mlima Meru. Floraidi iliyomo katika maji ya huko haionekani wala hainuki. Kinachoonekana ni meno yenye madoa ya kahawia. Kuchemsha, ambako ni ushauri sahihi dhidi ya kipindupindu, hapa hakufui dafu: maji hupungua, floraidi hubaki. Mwalimu hulithibitisha hilo kwa sufuria na chumvi. Chemsha maji ya chumvi mpaka yabaki nusu, yapoe, kila mtu aonje. Baada ya hapo, chujio la mkaa wa mifupa, ambalo hunasa floraidi, halihitaji kubembelezewa mtu. Uzoefu wa miaka 60 peke yake haufiki hapo.

Tena hoja hizi mbili mara nyingi hutoka kinywa kimoja. Mwanafunzi hawezi kuwa mjinga asiyefundishika na papo hapo mjuzi asiyehitaji kufundishwa. Wachague moja.

Ya tatu: mtu mzima anahitaji maagizo, si nadharia. Usikate mti, usitupe taka, basi. Ni kweli maagizo hufanya kazi: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, na sokoni tofauti inaonekana. Ila agizo huishia pale lilipoandikwa. Mama lishe anayekoleza moto kwa vipande vya ndoo mbovu hajagusa mfuko hata mmoja, na moshi ule anauvuta yeye na wateja wake. Aliyefundishwa plastiki hutoa nini inapoungua hangoji tangazo jingine. Halafu wenye hoja hii hulalamika kwamba makatazo yanavunjwa “kwa kukosa uelewa”. Uelewa upi, ikiwa wanataka kuufuta kwenye ratiba?

Ya nne: fedha ni chache, tuwafundishe watoto, nao watawafundisha wazazi. Watoto wafundishwe, hakuna anayebisha. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake, na mambo hayo hujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, ambao wajumbe wake ni watu wa miaka 18 na zaidi. Mwanafunzi wa darasa la tano hana kura pale. Na ajabu ni hii: mzazi anayedaiwa kuwa hamwelewi mwalimu ndiye tunayeambiwa atamwelewa mwanawe wa miaka 11.

Katika zote nne, ya fedha pekee ndiyo yenye uzito, nayo inahusu somo lipewe kiasi gani, si kama liwepo. Somo linaloanza na sufuria, chumvi na mwalimu aliyejiandaa halifilisi halmashauri. Anayetaka lifutwe alete hoja ya tano.