Akiba Hii Inaoza

Simu yangu hunicheka. Chrome ya Android huhesabu kurasa ulizofungua mpaka 99. Ukivuka hapo inaacha kuhesabu, na mahali pa namba inakuwekea alama ya :D, uso unaocheka. Nimeishi na uso huo tangu mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza, na sasa niko mwishoni mwa shahada ya umahiri. Hizo ni kurasa zilizo wazi tu. Sijataja jumbe za WhatsApp nilizozitia nyota, picha za skrini, wala programu maalumu ya kuhifadhi makala, ambayo mwezi uliopita ilinionyesha kwamba makala 1,312 zinanisubiri. Nilizosoma mpaka mwisho ni 87.

Kama wewe ni mwanafunzi, mwandishi au mtu yeyote anayejiita msomaji, usiharakishe kunicheka. Toa simu yako kwanza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wanazungumzia nafaka iliyokaushwa vizuri na fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Hawakuwahi kuona kiungo cha intaneti. Mimi nasema akiba hii inaoza. Nasema pia kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tunapata hasara kubwa zaidi inapooza, na kwamba kila tunapobonyeza "hifadhi" na kuondoka, tunashiriki kuiozesha.

Nilijifunza hivi. Mwaka 2021, nikiwa ndani ya daladala kutoka Mbezi, nilikutana na blogu ya mwalimu mmoja mstaafu. Alikuwa amefundisha shule za msingi miaka ya 70, naye akawa anaandika, sehemu kwa sehemu, jinsi alivyowafundisha watoto ngonjera: nani alipewa nafasi ya mjuzi na nani ya mjinga, beti walizotunga wenyewe kuhusu elimu ya watu wazima, na mtoto aliyesahau ubeti wake mbele ya wageni kutoka wilayani. Hayo nayajua kwa vichwa vya makala na aya ya kwanza tu, kwa sababu sikusoma zaidi. Nilibonyeza hifadhi, nikaweka lebo mbili, "ngonjera" na "muhimu sana", nikashuka kituoni nimeridhika kama mtu aliyetoka kazini.

Miaka mitatu baadaye nilichagua ngonjera za shuleni kuwa mada ya tasnifu yangu. Msimamizi wangu alisoma pendekezo, akavua miwani. "Sawa, mwanangu. Haya ya Mnyampala tunayo vitabuni. Watoto wenyewe walikuwa wanasema nini?" Nilitabasamu. Jibu nilikuwa nalo mfukoni.

Nilifungua kiungo nikiwa kwenye ngazi za maktaba. Ukurasa haukuwapo. Nikajaribu kingine, nacho hakikuwapo. Programu yangu ilikuwa imetunza kwa uaminifu vichwa vyote vya makala, picha ndogo ya mwalimu amesimama chini ya mwembe, na lebo zangu mbili. Maandishi haikuyatunza. Nikaenda Wayback Machine, ghala la Internet Archive linalotunza nakala za kurasa za intaneti. Nikakuta ukurasa wa mbele peke yake. Mathias Mnyampala alifariki mwaka 1969, na ngonjera zake bado ziko kwenye rafu nikizihitaji. Mwalimu huyu aliandika nikiwa hai, nikiwa na simu mkononi, na simfikii.

Kupitia rafiki anayetoka mji wao nilipata namba ya binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikajieleza. Akaniambia baba yake alifariki mwaka 2022. Jina la tovuti lilikuwa linalipiwa kila mwaka na mjukuu, na baada ya msiba hakuna aliyekumbuka. Kompyuta walimpa kijana wa jirani. Halafu akacheka kidogo, kile kicheko cha kumkumbuka mtu. "Baba kila jioni alikuwa anatuita tumsomee ile namba ya chini, ya watu waliotembelea. Akisikia, anasema, leo wamenisoma watu kumi na mmoja."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba huenda siku moja mmoja wa hao kumi na mmoja nilikuwa mimi. Nilihesabiwa. Mzee alilala na furaha kwa sababu yangu, nami nilikuwa nimepita tu kuchukua anwani.

Ndiyo maana sikubali tena tunaposema "nimeihifadhi" kwa sauti ya mtu aliyeisoma. Katika kundi letu la WhatsApp la darasa, mtu hutupa kiungo na kuandika "hii ni muhimu, tusome". Vidole gumba vinamiminika. Siku ya semina mhadhiri akiuliza nani amesoma, wote tunainama kana kwamba tumeangusha kalamu. Hatukudanganya, tulikuwa nayo kweli. Tatizo ni kwamba tulichokuwa nacho ni anwani, na anwani ya nyumba haikupi usingizi usiku wa mvua.

Na nyumba zenyewe zinabomolewa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za intaneti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikufikika tena miaka kumi baadaye. Hata makabati tunayozifungia hufungwa. Pocket, programu iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Read It Later, yaani isome baadaye, ilifungwa tarehe 8 Julai 2025. Hapa nyumbani, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipotaka mwenye blogu awe na leseni, huku ada za mwanzo zikifika shilingi milioni 2.1, blogu nyingi zilinyamaza. Gazeti kubwa la Kiingereza lina wahariri, wanasheria na ghala la nakala. Makala nyingi nzuri za Kiswahili nilizokutana nazo zinashikiliwa na mtu mmoja, ada ya mwaka mmoja na nenosiri moja ambalo familia hailijui. Kumwambia mwandishi kama huyo "nitakusoma baadaye" ni sawa na kumwambia mgonjwa kwamba utakuja kumwona ukipata nafasi.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza kunijibu watakuwa mafundi wa mpangilio, wale wanaorekodi video za kutufundisha mafaili yenye rangi, lebo ndani ya lebo, na sasa akili mnemba itakayotufupishia tusivyosoma. Ndugu zangu, mimi nilipanga. Nilikuwa na mafaili 14. Mwalimu wangu alikuwa kwenye faili sahihi, chini ya lebo sahihi, na nilimpata kwa sekunde mbili. Mpangilio wangu haukuwa na kasoro hata moja, ila haukuwa na msomaji. Na sasa naona kwamba zile lebo zilikuwa njia yangu ya kuahirisha bila kuona aibu: kila nilipoipanga makala upya nilihisi nimeisogelea, na sikuwa nimesoma hata sentensi.

Wengine watasema habari ya bando, na hao nawaheshimu, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wao. Asiye na bando la kutosha hupakua makala kwa intaneti ya chuo, kisha husoma kwenye foleni jioni bila kutumia hata MB moja. Sawa kabisa. Lakini tazama anachofanya mtu huyo: amechukua maandishi yenyewe, yako ndani ya simu yake, na anajua atayasoma saa ngapi na wapi. Amefunga chakula cha safari. Sisi wengine tumekusanya majina ya mikahawa.

Halafu kuna hofu, ambayo nadhani ndiyo mzizi: nisipohifadhi, nitakosa. Ni kweli, utakosa. Nilikuwa nazo 1,312 na nikakosa ile moja niliyoihitaji. Anayezisoma tatu na kuziacha elfu zipite ana tatu. Mimi nilikuwa na uso unaonicheka.

Wiki iliyopita niliifuta orodha yote. Nilibakiza makala saba, zote nimezipakua nzima, zinazotosha safari za wiki moja. Za Kiswahili nimetoa na nakala kwenye karatasi, nikaandika jina la mwandishi na tarehe niliyozisoma. Nikimaliza moja, namwandikia mwenyewe mistari miwili kumwambia nimeisoma na ni wapi paliponigusa. Tasnifu yangu itakuwa na sura fupi kuliko nilivyopanga, kwa sababu sauti za wale watoto sijazipata, na sitajifanya ninazo.

Kwa hiyo sikuombi uwe na nidhamu, wala sikuuzii programu mpya. Ukikutana leo na makala ya Kiswahili iliyokusimamisha, isome hapo hapo, hata kama utapitiliza kituo. Ukishindwa, ipakue yote na uitajie siku. Kama siku huna, iache ipite, na usijifanye umeichukua. Mahali fulani kuna mzee anayesomewa namba ya waliomtembelea, na anaamini kwamba wote walimsoma.