Neno la Mhariri: Msamiati Tunao, Sasa Tuandike Sentensi

"Wajumbe wote hawakuafiki." Sentensi hii ya maneno matatu inaweza kukutwa katika muhtasari wa mkutano wa kijiji chochote, iwe Rulenge au Nyakahura, na aliyeiandika akafunga daftari akiamini kazi imekwisha. Msomee mtu wa kwanza, atakuambia hakuna mjumbe hata mmoja aliyekubali. Msomee wa pili, atasema wapo waliokubali, ila hawakutimia wote. Maneno ni yaleyale na sarufi haina kosa. Wanachobishania ni mahali ukanushi unapofika: je, unakanusha kuafiki peke yake, au unakanusha ule ujumla wa "wote"? Ukiandika "Hakuna mjumbe aliyeafiki", ubishi umekwisha. Ukiandika "Si wajumbe wote walioafiki", umekwisha pia, lakini kwa upande wa pili. Kikanushi kimetoka kwenye kitenzi na kukaa mbele ya nomino, na uamuzi wa kijiji umegeuka.

Toleo hili linahusu sentensi za namna hiyo. Tumechagua wilaya za Ngara na Biharamulo kwa sababu huko muundo wa sentensi ni jambo la riziki na la haki, na kwa sababu lugha zinazokutana huko zina mengi ya kuifundisha isimu.

Chukueni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Kibali hicho hukaa ndani ya sentensi, katika daftari la muhtasari, kwa Kiswahili. Shauri likizuka miaka kumi baadaye, walioinua mikono pengine wamehama au wamefariki. Kinachobaki kuhojiwa ni kiima, kitenzi na kikanushi. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, uzito huo umepanda kutoka kijijini hadi mahakama za juu. Wanasheria wetu wamehangaikia istilahi, na wamefanya vyema. Lakini istilahi sahihi ndani ya sentensi yenye maana mbili haimsaidii mdai wala mdaiwa.

Wapo wanaodhani kwamba Kiswahili hakina zana za kubainisha mambo haya, kwamba mantiki kali ni mali ya Kiingereza au ya hisabati. Siafiki hata kidogo. Mwaka 1879 Mjerumani Gottlob Frege alichapisha mfumo wa alama uliowezesha wanamantiki kuonyesha bayana kipi kinatawala kipi kati ya "kila", "baadhi" na "si". Sababu moja iliyomfanya aunde alama zake ni kwamba lugha za kila siku, Kijerumani chake kikiwamo, huacha mambo hayo yakielea. Basi utata si ugonjwa wa Kiswahili. Tena yapo mambo ambayo Kiswahili huyabainisha kwa urahisi kuliko lugha nyingi kubwa.

Tazama mgawo wa mbolea. "Kaya tatu zilipewa mifuko miwili." Ni mifuko miwili kwa jumla, au kila kaya ilipata miwili, yaani sita? Mswahili hahitaji kuongeza maelezo marefu. Atasema "Kaya tatu zilipewa mifuko miwili miwili", na hesabu imekaa sawa. Kurudia neno la idadi si pambo la usemi; ni kanuni ya kugawanya, inayofanya kazi ileile ambayo mwanamantiki huifanya kwa kutanguliza "kwa kila kaya". Karani wa ghala anayeiacha rudufu hiyo kwa kudhani ni lugha ya mtaani ameacha mifuko minne nje ya maandishi.

Tazama tena kiambishi cha yambwa, silabi moja tu ndani ya kitenzi. "Sijaona cheti" na "Sijakiona cheti" hutofautiana kwa "ki" peke yake. Anayesema ya kwanza anaweza kuwa anamaanisha kwamba hakuna cheti chochote kilichopita machoni pake. Anayesema ya pili amekwisha kukubali kwamba kipo cheti fulani, kinachojulikana kwake na kwa anayeambiwa. Ambacho hakijatokea ni kukiona. Mbele ya hakimu, silabi hiyo inaweza kuwa ungamo. Sarufi zetu za shule hufundisha kwamba kiambishi hiki hurejelea yambwa, kisha zinafunga ukurasa hapo, na mwanafunzi huondoka bila kuambiwa kwamba ameshika chombo cha kutofautisha kilichopo na kisichodaiwa kuwapo.

Sasa tuzigeukie lugha za nyumbani. Ngara ina Kihangaza na Kishubi. Biharamulo ina Kishubi na Kizinza, pamoja na Kisukuma, Kiha na Kihaya vya wahamiaji na majirani. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, Kishubi alikipa D64 na Kihangaza D65, karibu na Kirundi cha D62, huku Kihaya na Kizinza akizitupa kundi la E. Mpaka wa herufi zake ukapita katikati ya watu wanaouziana ndizi kila gulio. Wanaisimu wa Tervuren, Ubelgiji, baadaye waliziunganisha lugha za eneo la Maziwa Makuu chini ya herufi J, na nadhani waliona vizuri zaidi.

Ng'ambo ya mpaka wa Burundi, Kirundi kina sentensi ambayo kila mwanafunzi wa mantiki angepaswa kukutana nayo: "Ibitabo byasomye abana." Ukiifuata neno kwa neno utasema vitabu vilisoma watoto, na kitenzi kweli kimepatana na vitabu. Lakini hakuna Mrundi anayeelewa kwamba vitabu ndivyo vilivyosoma. Maana yake ni kwamba vitabu vimesomwa na watoto, si na wengine. Juvénal Ndayiragije aliichambua mwaka 1999. Kabla yake, mwaka 1980, Alexandre Kimenyi alikuwa ameonyesha muundo wa jamii hiyo katika Kinyarwanda. Mpangilio peke yake, bila neno "tu" wala "peke yao", umewatenga watoto na watu wengine wote. Kiswahili, ili kifike hapo, huenda kwa njia ya "ndio": watoto ndio waliosoma vitabu. Hata hivyo hatuko mbali na majirani zetu kama tunavyodhani. Tunaposema "Chumba hiki kinalala watu wanne", chumba hakilali, na hakuna anayeuliza.

Kirundi pia hutofautisha "Ararima", kwamba mtu analima na habari imeishia kwenye kitenzi, na "Arima ibiharage", ambapo habari yenyewe ni maharage. Kiambishi "ra" kinakuja au kinaondoka kufuatana na kile msemaji anachokiweka mbele. Je, bibi wa Murusagamba anayezungumza Kihangaza na mjukuu wake hupanga madai yake kwa njia hiyohiyo? Mzee wa Kishubi wa Nyakahura je? Na mjukuu akiyahamishia mazungumzo hayo katika Kiswahili cha shuleni, ni nini kinachobaki njiani?

Maswali haya hayajibiwi na orodha ya maneno. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umetupa kazi za thamani kubwa, ukiwamo msamiati wa Kihangaza wa Casmir Rubagumya wa mwaka 2006, na ninausifu bila kusita. Lakini msamiati hukuambia neno la kulima na neno la maharage. Haukuambii nani atapinga nini ukiyapanga hivi badala ya vile. Kihaya kilipata bahati mapema: mwaka 1977 Ernest Rugwa Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman walihariri kitabu kizima kuhusu muundo wa sarufi yake, na tangu hapo mwanaisimu popote duniani anaweza kubishana juu ya sentensi ya Kihaya kwa ushahidi. Kihangaza na Kishubi vinastahili heshima hiyohiyo, na vinaistahili wakati wazee wanaozisema sentensi ndefu wangali hai.

Kwa hiyo ninawaomba walimu, watendaji wa vijiji, makarani wa mahakama za mwanzo na watangazaji wa Ngara na Biharamulo: tuletee sentensi nzima. Iandike kama ilivyotamkwa, kwa Kihangaza, Kishubi, Kizinza au Kiswahili cha huko, kisha utueleze nani alimwambia nani, walikuwa wakizungumzia nini, na msikilizaji alijibu nini. Kama watu wawili waliielewa tofauti, andika maelezo ya wote wawili. Tutazichapisha katika toleo lijalo.