Kununua Kitambaa Si Kushona

Wasee, tuambiane ukweli. Kununua kitambaa si kushona. Kila wiki naona video mpya: mtu ametoka Eastleigh ama Biashara Street, anamwaga vitambaa vya maua kitandani. "Hiki nitashona sketi, hiki gauni." Miezi sita baadaye sketi hakuna, na msee amerudi Eastleigh. Na sisi tunaotengeneza kontenti ndio tunasukuma huu upuzi, juu video ya kununua inaisha kwa dakika ishirini, ya kushona inakula siku mbili.

Hebu vuta huo mfuko ulio chini ya kitanda. Hiyo ni doo yako imelala hapo, inakunjika.

Mimi wangu nilifungua mwezi uliopita. Kulikuwa na pamba nyepesi ya maua, mita tatu, upana sentimita 115, ya kutoka siku nilikuwa bado chuo. Chuo niliacha, kitambaa kikabaki. Nikashona sketi ndefu ya kufika kwa kifundo cha mguu. Nilinunua vitu vitatu tu: bitana mita moja na robo, zipu na uzi. Haikufika mia nne.

Najua kuna mtu ashauliza, bitana ya nini? Si ni kuongeza kazi? Manze, toka nje saa nane mchana na sketi ya pamba nyepesi, simama mahali jua liko nyuma yako, alafu mwambie rafiki yako akupige picha. Mama zetu walijua hii hesabu, ndio maana walivaa petikoti. Bitana ni petikoti iliyoshonewa ndani, haipandi wala haijikunji. Nguo nyingi za bei rahisi hazina, kwa sababu mwenye kuuza anaokoa pesa na wewe ndio unaonekana miguu.

Na si ngumu. Osha kitambaa kwanza, pamba hurudi ikioshwa. Kata vipande viwili vya upana wote, urefu sentimita 110 kila kimoja, maua yote yakiangalia juu. Hapo umebaki na chini kidogo ya sentimita 80 za mkanda na mifuko. Juu vuta marinda hadi itoshee kiuno. Bitana usiipe marinda mengi, itakufanya unene bure: pima nyonga, ongeza sentimita kumi na nafasi ya mshono. Iwe fupi kuliko sketi kwa sentimita tano, na uiachie mpasuo kando kuanzia goti ndio uweze kuruka mtaro. Ishikanishe na sketi kiunoni pekee, mishono ya zote mbili ikitazamana, ndio ndani kukae safi kama nje.

Hauna cherehani? Sindano ya mkono ipo. Itachukua wikendi mbili badala ya moja. Ama mpelekee fundi wa mtaa, lakini mpelekee kitambaa ulicho nacho, umwambie wazi unataka bitana, na umlipe pesa yake bila kulia.

Kitu kinaniudhi zaidi ni ile story ati cherehani ni ya walioshindwa na shule. Soma tena hiyo aya ya vipimo. Hizo ni hesabu, na ukikosea sentimita mbili hakuna mwalimu wa kukuonea huruma, zipu inakataa kufunga. Watu wanatucheka tukishona, alafu wanauliza, "Hiyo umetoa wapi?"

Kwa hivyo mwezi huu nisione mtu akitoka dukani na mita zingine tatu. Nionyesheni kitambaa cha zamani kimekuwa nguo. Na mkipiga video, geuzeni sketi ndani nje. Nataka kuona bitana.