Maji Hufuata Njia Nyepesi

Katika safu hii tumezoea kulichukua jambo la maabara na kulisema kwa Kiswahili cha kila siku. Safari hii tumechagua uchimbaji usio na shimo: madini huyeyushwa yakiwa chini kwa chini, kisha huvutwa juu kwa pampu. Zaidi ya nusu ya urani ya dunia sasa hupatikana hivyo, nyingi ikitoka Kazakhstan.

Tuanze na munyu. Akina mama wa Magharibi ya Kenya huweka majivu ya mimea katika chombo chenye matundu, humimina maji juu yake, na yanayodondoka chini huwa yamebeba chumvi. Ukimimina kwa pupa, maji hujichimbia mfereji mmoja na kutoka yakiwa karibu matupu, huku chumvi ikibaki kwenye majivu ya pembeni. Wahandisi wa urani wana tatizo hilohilo, ila wao chombo chao hawakioni.

Chombo hicho ni tabaka la mawe ya mchanga lililojaa maji, limebanwa juu na chini na mfinyanzi. Visima vya kuingiza dawa, mara nyingi vinne au sita, huzunguka kisima kimoja cha kuvuta. Kazakhstan dawa ni maji yenye asidi ya salfuriki. Wyoming, Marekani, ni maji yenye oksijeni na bikaboneti.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy alionyesha kwamba kasi ya maji mchangani hutegemea mambo mawili: tofauti ya kanieneo na upenyevu wa mchanga wenyewe. Basi dawa hukimbilia penye punje kubwa na kuipita kando mbale iliyojificha kwenye mfinyanzi. Kuongeza nguvu ya pampu huharakisha zaidi njia ileile. Tena asidi ikikutana na chokaa, jasi huganda na kuziba vinyweleo vya mwamba. Ndiyo maana mafundi wakati mwingine hugeuza visima, kilichokuwa kikiingiza kikaanza kuvuta, ili dawa ilazimike kupita kwingine.

Na dawa isitoroke? Huvutwa maji mengi kidogo kuliko yanayoingizwa, ili maji ya jirani yaelekee ndani badala ya dawa kwenda nje. Visima vya uangalizi huwekwa pembeni kulinda mpaka. Hesabu ni nzuri, lakini maji hayasomi ramani. Huko Stráž pod Ralskem, Ucheki, kati ya 1967 na 1996 ziliingizwa ardhini zaidi ya tani milioni 4 za asidi ya salfuriki. Mgodi ulifungwa, kazi ya kuyasafisha maji ya chini ikabaki kuwa ya miongo mingi.

Haya yanatuhusu. Suala la njia hii limekwisha kuzuka kuhusu urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Mwanakijiji wa huko ana haki ya kuuliza: mfinyanzi wa chini umekamilika au una nyufa? Mnavuta zaidi ya mnavyoingiza, na nani anapima? Pampu zikizimwa, maji yataelekea wapi?

Maneno ya kuulizia tunayo: mbale, upenyevu, kanieneo, kisima cha uangalizi. Sisi tunaosoma sayansi kwa lugha za watu tuna deni la kuyafikisha nyumbani kabla pampu hazijawashwa.